Waridi Pendwa: Kuisoma Trésor kwa Pua ya Pwani

Kuna manukato ambayo ukijipulizia watu hawakuulizi umejipulizia nini. Wanakuuliza unakwenda harusi ya nani. Trésor ya Lancôme ni mojawapo. Ni waridi, tena waridi tamu lisilo na aibu, limeshikana mkono na pichi na aprikoti, nyuma yake kuna kitu kama lozi iliyosagwa na vanila, na vyote hivyo vinafika mlangoni kabla yako na vinabaki kwenye kiti ukishaondoka. Ilitoka mwaka 1990. Mtunzi wake ni Sophia Grojsman, mzaliwa wa Belarus ya enzi za Kisovieti aliyefanyia kazi yake kubwa New York. Nimesema mtunzi kwa makusudi.

Inauzwa kama manukato ya kike. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwandishi wa habari, na nimekuwa nikijipulizia Trésor kwenda kazini Dar es Salaam kwa karibu miaka miwili. Siku za mwanzo chumba cha habari kilikuwa na raha zake. "Kaka, leo umeamkia kwa nani?" "Mzee, shemeji kakumwagia chupa?" Hayo ni utani, na utani naupenda. Lililonikaa kichwani ni neno la mhariri mmoja, msomaji mkubwa wa vitabu, ambaye hakuwa anatania. Alisema harufu ile si mbaya, ila inakupa kila kitu mara moja, haikuachii kazi ya kufanya. Ni tamu, basi.

Nikamwambia: kaka, huo ni uhakiki wa riwaya.

Maana ndivyo tunavyosema, siyo? Tuna riwaya dhati na tuna riwaya pendwa. Waliopita kwenye madarasa ya fasihi ya Kiswahili wanaujua mgawanyo huo kama wanavyojua ngeli. Dhati inachimba jamii, inamtoa msomaji jasho, inafundishwa. Pendwa ni mapenzi, upelelezi, mauaji, inasomwa kwenye basi la kwenda Morogoro na kuachwa kwenye kiti. Tukiwa wanafunzi tuliandika insha za kuonyesha kwa nini ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kisha tukarudi bwenini kuisoma hiyo hiyo ya pili chini ya shuka. Sijawahi kuelewa vizuri ni lini neno "pendwa", ambalo maana yake ni kitu watu wanachokipenda, liligeuka kuwa shutuma.

Trésor ni waridi pendwa. Mhariri wangu anaona hiyo ni hukumu ya kutosha. Mimi naona ndipo uhakiki unapoanza.

Sasa tuinuse. Dakika za kwanza ni pichi, lakini si pichi mbichi la Lushoto lenye maji na uchachu. Ni pichi lililokwisha chemshwa na sukari, liko njiani kuwa jemu. Hapo hapo waridi lipo. Halisubiri zamu yake. Hili ni jambo la kimsingi, kwa sababu manukato mengi ya Ulaya yametungwa kwa ngazi: unaanza na malimau yanayoruka haraka, unashuka kwenye maua, jioni unafika kwenye mbao na utomvu. Yana mwanzo, kati na mwisho, kama hadithi tulivyofundishwa. Grojsman hajengi ngazi. Anaweka kila kitu sebuleni tangu mgeni anapobisha hodi. Ukinusa saa nne asubuhi na ukinusa saa kumi alasiri unakuta jambo lile lile, limepunguza sauti tu.

Anawezaje? Wanaojua mapishi haya wamekwisha ichambua, na jibu lao linashangaza: takriban asilimia 80 ya fomula ya Trésor ni malighafi nne tu, zote za maabara, kwa vipimo vinavyokaribiana. Moja ni Hedione, ambayo ni kama hewa iliyopita karibu na asumini. Ya pili ni Iso E Super, mbao laini sana ambazo hujui ni za mti gani. Ya tatu ni Galaxolide, ule muski wa shuka zilizofuliwa na kuanikwa juani. Ya nne ni methyl ionone, harufu ya ua la urujuani na unga wake. Ukimnusisha mtu moja moja, huenda asikwambie lolote la maana. Nyingine watu kadhaa hawaisikii kabisa. Waridi, pichi, lozi na vanila vinagawana ile asilimia 20 iliyobaki. Yaani sehemu nne kati ya tano za chupa ni mto wa kulalia, na waridi limelazwa juu ya mto.

Ndiyo maana nasema mhariri wangu alikosea aliposema haina kazi ndani yake. Kazi ipo, ila imefanywa na mtunzi ili wewe usiifanye. Kuandika sentensi nyepesi ambayo msomaji anaipita bila kujikwaa ni kazi ngumu kuliko kuandika sentensi nzito, na mtu yeyote aliyewahi kukatiwa habari ya maneno 1,200 ibaki 400 analijua hilo kwa uchungu.

Malalamiko ya kawaida dhidi ya waridi tamu kama hili ni kwamba halinukii kama waridi la kweli. Hapo nauliza: waridi la kweli la nani?

Sisi Afrika Mashariki tunalima mawaridi kwa wingi wa kutisha. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa maua ya kukatwa duniani, na waridi ndilo linaloongoza. Ukipita kando ya Ziwa Naivasha unaona mabanda ya plastiki yamefuatana kama mji. Arusha nayo ina mashamba yake. Maua hayo yanapanda ndege usiku, mengi yanaelekea Uholanzi. Lakini jaribu kulinusa moja, hata lile unalouziwa barabarani siku ya Valentino. Halina kitu. Pengine harufu ya majani na friji. Wafugaji wa mbegu walikuwa wanatafuta shina refu, kichwa kigumu, rangi isiyochuja, na ua litakalovumilia safari na bado likae siku nyingi kwenye chombo. Harufu ikapotea njiani bila mtu kuililia. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kuna kimeng'enya, RhNUDX1, kinachoshiriki kutengeneza harufu ya waridi kwa njia ambayo haikutarajiwa, na kwamba katika aina zisizonukia kinafanya kazi kidogo mno. Kwa hiyo hata jina la kinachokosekana tunalo.

Wengi wetu basi waridi tumelijua kwa jicho, kwenye kadi na kwenye kitambaa cha meza, na tumelijua kwa sikio, maana nyimbo zetu za mapenzi zina mawaridi kuliko bustani zetu. Kwa pua tulilijua kwa njia nyingine kabisa. Tulilijua kama maji.

Nililelewa Tanga, na kwenye kabati la shangazi yangu kulikuwa na mrashi: kile chombo cha shingo ndefu na tumbo la mviringo, kichwani kina vitundu, ambacho ukikitikisa kinatema matone. Ndani ni marashi, maji ya mawaridi. Sikumbuki kuona ua la waridi nyumbani kwetu hata mara moja. Lakini harufu ya waridi ilikuwa ya kawaida kama ya iliki. Iliingia kwenye maulidi, kwenye ndoa, na kwenye maziko pia. Kwangu waridi la kweli ni hilo, na mtu akiniambia la kweli ni lile la bustani ya Kiingereza lenye umande, ananiletea kumbukumbu ya watu wengine anitake niitumie kama rula.

Maji hayo yana hadithi yake ya kikemia, na inatusaidia kuisoma Trésor. Waridi la Damascus, ndilo linalolimwa Kazanlak nchini Bulgaria, Isparta nchini Uturuki, Taif nchini Saudia na juu ya Jabal Akhdar nchini Oman, huchumwa alfajiri kabla jua halijaikausha harufu. Huhitajika takriban tani tatu hadi nne za maua kupata kilo moja ya mafuta. Sasa, maua yakipikwa kwa mvuke, harufu inagawanyika: sehemu inakwenda kwenye mafuta, sehemu inabaki kwenye maji. Ile pombe ya asili inayoitwa phenethyl alcohol, ambayo ndiyo utamu wa asali wa waridi, inapenda maji, kwa hiyo nyingi inakimbilia huko. Ndiyo sababu marashi ni laini, matamu, hayana kona. Mafuta yanabaki na ukali, viungo, ule upande wa waridi unaokaribia pilipili manga. Tena ndani ya mafuta hayo mna kitu kidogo mno, hakifikii hata asilimia moja, kinaitwa damascenone. Na kidogo hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya harufu. Kinanukaje? Kama tunda lililopikwa. Tufaha la jemu, zabibu kavu, plamu.

Hapa ndipo ninapomvulia Grojsman kofia. Watu wanasema aliliongezea waridi pichi ili awauzie wapenda peremende. Mimi nasoma vingine: alilisikia tunda ambalo tayari limo ndani ya waridi, akalivuta mbele mpaka kila mtu alisikie. Ni kutilia chumvi, sawa. Lakini ametilia chumvi kitu kilichokuwamo. Manukato yake ya Paris, aliyoyatunga kwa Yves Saint Laurent mwaka 1983, yanalivuta waridi upande wa pili, juu, kwenye urujuani na ukali wa sauti nyembamba. Nayapenda, lakini yananichosha ifikapo adhuhuri. Trésor imeshuka chini, karibu na kifua. Inaongea kama mtu aliyekaa kiti cha pili.

Na ukaribu huo unanirudisha kwenye Kiswahili, kwa sababu lugha hii ina mambo ya kusema kuhusu harufu ambayo hatuyatumii katika uhakiki wetu.

Chukua neno lenyewe, marashi. Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kunyunyiza. Ni ukoo mmoja na mvua ya rasharasha. Tazama tofauti: neno la Wafaransa na Waingereza limetokana na Kilatini cha moshi, kitu kinachopanda. Letu limetokana na kitendo cha mkono, tena mkono wa mwenyeji juu ya mgeni. Mtu hajinyunyizii mrashi mbele ya kioo. Unanyunyiziwa. Unafika, unakaribishwa, unalowa kidogo, unacheka. Harufu ni kitu ulichopewa.

Halafu chukua kitenzi. Kiswahili kina kunuka, na kunuka ni balaa: samaki ananuka, mtaro unanuka. Lakini kiongezee kauli ya kutendea, kinakuwa kunukia, na papo hapo ni sifa. Sidai kwamba kila anayesema pilau linanukia anafikiria sarufi. Ila naona ajabu kwamba lugha imetenganisha uvundo na uzuri kwa kiambishi kile kile tunachokitumia kusema kupikia, kuimbia, kusomea. Kinachonuka kinanuka kivyake. Kinachonukia kina mtu kinayemnukia. (Kwa upande wa uvundo tuna utajiri: shombo, vumba, kikwapa, kutuzi, kila kimoja na mahali pake. Upande wa uzuri tunasema "nzuri" na kunyamaza. Mhakiki wa manukato kwa Kiswahili anaanza kazi na kabati nusu tupu.)

Ukiisoma Trésor kwa kitenzi hicho, mambo yanabadilika. Swali haliwi tena kama inamfikirisha aliyejipulizia. Swali ni inamfanya nini aliyekaa karibu naye. Na hapo naiona imefaulu kuliko manukato mengi ya heshima ninayoyajua. Haimpi jirani fumbo la kutegua. Inamkaribisha.

Najua atakayeniambia kwamba kunukia kwa ajili ya mwingine kuna historia nzito. Ni kweli. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi aliomwandikia binti yake mwaka 1858, anamwambia asiuache mwili wake bila harufu ya marashi na dalia, na anamwambia hivyo katika orodha ya namna mke anavyopaswa kukaa na mumewe. Tunausoma utenzi huo darasani tukibishana kama ni kongwa au ni hekima ya mgonjwa anayemtakia mwanawe usalama. Mjadala huo siumalizi hapa. Nataka kuonyesha tu jambo lililo mbele ya macho: katika miji ile ile ya pwani, usiku wa maulidi, mrashi ulipita pia kwenye safu za wanaume, juu ya kanzu na kofia, na hakuna aliyekwepa mabega akisema hii ni harufu ya kike. Babu zetu walirudi nyumbani wananukia waridi. Ghuba mpaka leo mwanamume anajipaka mafuta ya waridi na udi na anakwenda kazini. Waridi kuwa la mwanamke peke yake ni habari ya rafu za duka, tumeinunua pamoja na chupa.

Kwa hiyo ninapoingia chumba cha habari nikinukia hivi, sijioni nimefanya uasi wa aina yoyote. Ninavyojiona, nimechukua njia ya zamani, ila nimeipitia New York.

Ukitaka kujua waridi gani linaruhusiwa kwa watu makini, nusa Portrait of a Lady ya Frederic Malle, iliyotungwa na Dominique Ropion na kutoka mwaka 2010. Jina limeazimwa kwa Henry James, riwaya ya 1881, kwa hiyo hata kabla hujafungua kifuniko umeshaambiwa hii ni dhati. Ndani yake mna waridi la Uturuki kwa kipimo kikubwa, pachuli kubwa zaidi, ubani, na matunda meusi mekundu pembeni. Nimewahi kupewa kichupa kidogo cha kujaribia, nikakimaliza kwa kubania, tone kwa tone. Ni kazi nzuri sana. Haina haja ya utetezi wangu, na bei yake haitaki hata nianze. Lakini sifa inazopewa zina mfumo ninaoutambua: inasifiwa kwa giza lake. Waridi lile linaheshimiwa kwa sababu kuna udongo na moshi ndani yake, kama riwaya inavyoheshimiwa kwa sababu mtu anakufa ukurasa wa mwisho. Utamu wake upo, mwingi tu. Umesamehewa kwa sababu umekuja na mlinzi.

Trésor imekuja bila mlinzi, na hilo pia ndilo kasoro yake, maana sitaki ionekane nimeandika tangazo.

Haijui kunyamaza. Joto la Dar mwezi wa pili, na ule unyevu, linaifanyia kitu ambacho sidhani Grojsman alikitarajia katika hewa ya New York: pichi linavimba, vanila inanata, na unakuwa umevaa sharubati. Minyunyizo miwili ndani ya daladala ni ukorofi. Ofisini kuna dada mwenye pumu. Siku anazokaa upande wangu siigusi chupa, na hapo hakuna nadharia ya kutendea itakayonisaidia. Halafu, kwa kuwa haina ngazi, haina pia mshangao. Kama hukuipenda dakika ya kwanza, hakuna kitakachotokea saa ya tatu cha kukubadilisha mawazo. Riwaya pendwa nyingi zina ugonjwa huo huo, na mashabiki wake tunajifanya hatuuoni.

Kasoro kubwa zaidi kwangu ni kwamba haina uchungu hata chembe. Sizungumzii huzuni, nazungumzia ladha, ule uchungu wa ganda la limau au wa karafuu ukiitafuna. Utamu bila uchungu unakosa ukingo. Wanawake wa pwani walilijua hili bila kulisomea. Tazama kikuba: asumini ni tamu mpaka inaumiza kichwa, kwa hiyo wanaifunga pamoja na rihani, na rihani ina ukali wa jani unaoisimamisha. Tazama udi wa nyumbani, unaopikwa kwa sukari na manukato halafu unatupwa kwenye kaa la moto: sukari inaungua, na mwungulio ndio unaoufanya uvutike usiku kucha bila kukinaisha. Hakuna aliyewaandikia kitabu cha uhakiki, lakini katika kila kimoja kuna hukumu ya mhakiki.

Nilichofanya ni kuichukua hukumu yao na kuitumia kwa Trésor. Jioni kabla ya siku ya kazi nafukiza shati. Naliweka juu ya tenga, chetezo chini, kaa moja, kipande kidogo cha udi, dakika tano, basi; zaidi ya hapo utanukia kama chumba cha biharusi kweli, na watani wako watakuwa na haki. Asubuhi nanyunyiza mara moja, kifuani, chini ya shati, kamwe si shingoni. Moshi umekwisha kaa kwenye kitambaa, waridi linatoka kwenye ngozi kwa joto la mwili, na vinakutana katikati. Udi unaipa Trésor ule ukingo iliyoukosa. Pichi linarudi nyuma hatua moja. Waridi, lililokuwa limelala kwenye mto wake wa asilimia 80, linaamka na kukaa kitako. Na mara nyingine, nikiinua mkono kuchukua simu, napata kwa sekunde mbili harufu ambayo haimo kwenye chupa wala kwenye chetezo: tunda kavu, moshi, maji matamu. Siijui kwa jina. Kiswahili changu kinaishia kwenye "nzuri," na nimeshasema kabati ni nusu tupu.

Mhariri wangu nilimpa shati la namna hiyo alinuse bila kumwambia ni nini. Alinyamaza kidogo, akasema hii sasa ina kitu. Nikamwambia ni ile ile, kaka, ya harusini. Akaguna, akarudi kwenye kompyuta yake, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena, ingawa wiki iliyopita aliniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, udi ule naununua wapi.

Kwa atakayetaka kujaribu: chupa ndogo inatosha, na nunua mahali utakapoweza kurudisha, kwa sababu feki zimejaa mitaani na feki ya Trésor ni pichi tupu, waridi halimo. Iache kwenye nguo usiku mmoja kabla hujaamua. Kesho yake utakuta pichi limekwisha ondoka. Kwenye ukosi wa shati kutabaki ule muski wa shuka safi, lozi kwa mbali, na waridi limekuwa jembamba, karibu na marashi, kama mtu ametikisa mrashi chumba cha pili na mlango uko wazi.